Kufufua Breki za Honda CB750 Iliyolala Pwani

Honda CB750 ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya Tokyo mwezi Oktoba 1968, ikaanza kuuzwa mwaka 1969. Wengi huikumbuka kwa injini yake ya silinda nne zilizojipanga mstari mmoja. Hata hivyo, mwendeshaji aliyezoea pikipiki za zamani aliona tofauti pale alipotaka kusimama. Upande wa kushoto wa gurudumu la mbele palikuwa na sahani ya chuma isiyofunikwa, ikibanwa kwa nguvu ya mafuta. Breki ya diski haikuwa wazo jipya. Frederick Lanchester wa Uingereza aliipatia hataza mwaka 1902, gari la Jaguar likashinda mbio za Le Mans mwaka 1953 likiwa na diski, na mwaka 1962 skuta ya Lambretta TV175 ikafungwa diski ya mbele inayovutwa kwa waya. CB750 ndiyo iliyoifikisha diski ya mafuta kwenye pikipiki kubwa inayotoka kiwandani kwa wingi. Nyuma ilibaki na breki ya ngoma, inayovutwa kwa fimbo ya chuma kutoka kwenye pedali. Kwa hiyo anayefufua pikipiki ya aina hii ana mifumo miwili mkononi, na kila mmoja huoza kwa namna yake.

Nguvu ya breki ya mbele hutegemea kanuni ya Blaise Pascal, mwanasayansi wa karne ya 17: kimiminika kilichofungiwa kikisukumwa, shinikizo huenea sawasawa kila upande. Pistoni ya masta silinda, iliyo kwenye usukani, ina kipenyo cha milimita 14. Ile ya kalipa, iliyo kwenye gurudumu, ina kipenyo cha milimita 38 na kitu. Eneo la kubwa ni zaidi ya mara saba ya eneo la ndogo, hivyo nguvu ya vidole, ikiwa imekwisha kuongezwa na leva, huzidishwa tena mara saba kabla ya kufika kwenye diski. Kinacholipwa ni mwendo. Pistoni ndogo ikisogea milimita saba, kubwa husogea moja tu. Ndiyo maana uchafu kidogo, kiputo cha hewa au raba iliyovimba huweza kula mwendo wote, na breki ikabaki jina.

Pikipiki ambayo mwandishi alishiriki kuifufua ilikuwa CB750 ya mwaka 1973, iliyokaa miaka mingi katika ukumbi wa chini wa nyumba moja ya Mji wa Kale, Mombasa. Mwenyewe, mzee aliyewahi kufanya kazi bandarini, aliiegesha pale magoti yalipoanza kumsumbua, na hakukubali kuiuza. Kwa macho ilikuwa na afya. Tangi halikuwa na tundu, spoki zilikuwa kamili, na leva ya breki ilipobanwa ilikuwa ngumu kama inavyotakiwa. Kijana aliyekuja kusaidia kuitoa nje akasema breki angalau ni nzima. Fundi mwenye karakana akamjibu, “Mwanangu, breki nzima hushika na kuachia. Hii imeshika tu.” Gurudumu la mbele lilipoinuliwa na kuzungushwa kwa mkono, liliganda pale pale. Maneno yale ya fundi ndiyo yaliyoongoza kazi yote iliyofuata, kwa kuwa breki iliyotelekezwa huharibikia mahali jicho lisipofika: ndani ya paipu, nyuma ya sili, kwenye kitundu kinachozibwa na chembe moja ya uchafu.

Adui wa kwanza ni maji. Mafuta ya breki ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 hayatokani na mafuta ya petroli. Yametengenezwa kwa jamii ya glaikoli, na glaikoli hunyonya unyevu wa hewani kama chumvi ya mezani inavyoloa wakati wa masika. Unyevu huo hupenya kwenye kifuniko cha kikopo cha mafuta, na hata kwenye kuta za paipu za mpira. Viwango vya kimataifa huonyesha ukubwa wa athari yake. Mafuta mapya ya DOT 3 hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakiwa yamenyonya maji kiasi cha asilimia 3.7 kiwango kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155, na kwa DOT 5.1 ni 260 na 180. Pikipiki inayotembea hukabiliwa na hatari ya kuchemka: mvuke hubonyea na mafuta hayabonyei, hivyo leva hugusa usukani bila kitu kusimama. Pikipiki iliyolala haichemshi mafuta. Kwake maji hukaa kimya yakila chuma, na katika mji uliozungukwa na bahari, ambako chumvi iko hewani kusi na kaskazi, kazi hiyo hupata msaidizi.

Kabla ya spana yoyote kuguswa kuna tahadhari ya afya. Padi na brekishuu za miaka ya 1970 mara nyingi zilikuwa na asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Vumbi la ngoma halipulizwi kwa hewa ya kompresa wala kwa mdomo, ingawa ndivyo inavyofanyika katika karakana nyingi. Hulowanishwa kwa maji yenye sabuni, likafutwa kwa kitambaa, na kitambaa kikafungwa kwenye mfuko na kutupwa. Mafuta ya breki nayo hubambua rangi. Tone likidondoka kwenye tangi halifutwi kwa kitambaa kikavu. Humwagiwa maji mengi mara moja, kwa sababu glaikoli huyeyuka kwenye maji. Ndiyo maana fundi mwangalifu huweka ndoo ya maji karibu kabla hajafungua kifuniko, na tangi, ikiwezekana, huondolewa kabisa.

Kufungua huanzia kwenye kalipa, na kuna sababu. Pistoni iliyokwama hutolewa kwa urahisi zaidi kwa nguvu ya mfumo wenyewe kuliko kwa kitu kingine chochote. Kalipa hufunguliwa kutoka kwenye diski ikiwa bado imeunganishwa na paipu yake, padi zikatolewa, kisha leva ikabanwa taratibu na kurudiwa huku kikopo kikiongezwa mafuta. Mfumo ukiwa bado una shinikizo, pistoni husogea kidogo kidogo mpaka ikatoka. Kwenye pikipiki ya Mombasa njia hiyo ilifika katikati ikasimama, kwa sababu raba ya masta silinda ilianza kupitisha. Hapo ilibidi kutumia bomba la grisi, lililofungwa kwenye tundu la paipu huku nipo ya kutolea upepo ikiwa imekazwa. Bomba la grisi lina nguvu kubwa na hutoa pistoni polepole, tofauti na hewa ya kompresa ambayo huirusha. Pistoni iliyorushwa kwa hewa huweza kuvunja kidole, na hakuna sababu ya kujaribu. Baada ya hapo grisi yote lazima iondolewe hadi chembe ya mwisho, kwa kuwa grisi ya kawaida ni adui wa raba za breki.

Pistoni ilipotoka, chanzo cha gurudumu kuganda kilionekana wazi. Pistoni za awali za Honda hizi ni za chuma kilichopakwa kromu. Sehemu inayokaa ndani ya mafuta ilikuwa inang'aa bado. Sehemu ya nje, pale vumbi na mvuke wa bahari vinapofika, kromu ilikuwa imeinuka kwa malengelenge na chini yake kulikuwa na mashimo ya kutu. Lakini hilo lilikuwa nusu tu ya tatizo. Ndani ya kalipa kuna mfereji mwembamba unaoshika sili ya pistoni. Sili hiyo si ya kuzuia kuvuja pekee. Ina kingo nne za mraba, na pistoni inapotoka kuelekea kwenye diski, sili hujipinda nayo. Leva inapoachiwa, sili hujinyoosha na kuirudisha pistoni nyuma kwa sehemu ndogo ya milimita. Hakuna springi inayofanya kazi hiyo. Sasa alumini ya kalipa inapoliwa na unyevu hugeuka unga mweupe mgumu, na unga huo hujijenga chini ya sili, ukaisukuma ndani. Sili hubana pistoni pande zote na haiwezi tena kujipinda wala kujinyoosha. Breki hushika, haiachii.

Mtu anayebadilisha pistoni na sili bila kusafisha mfereji huo amefanya kazi bure, na breki yake itakwama tena baada ya muda mfupi. Huu ndio ukweli unaopuuzwa zaidi katika kufufua kalipa za zamani. Mfereji husafishwa kwa kijiti chenye ncha iliyopindwa, kilichotengenezwa kwa shaba ili kisichubue alumini, huku tochi ikimulika ndani. Unga hutoka kwa vipande vidogo, na kila duara moja la kukwangua hufuatwa na kufuta kwa kitambaa kilicholowa spiriti. Kona mbili za chini ndizo ngumu kuliko zote, na ndizo zinazohifadhi unga wa mwisho. Kipimo cha kumaliza ni rahisi: sili mpya ikiwekwa mferejini, ikapakwa mafuta ya breki, pistoni lazima iingie kwa kusukumwa na vidole gumba viwili tu. Ikihitaji nyundo au jiliwa, mfereji bado ni mchafu. Pistoni yenyewe ilibadilishwa kwa nyingine ya chuma kisichoshika kutu. Kupiga msasa pistoni yenye mashimo hakufai, maana shimo likipita kwenye sili hupitisha mafuta, na msasa hupunguza kipenyo.

Kalipa ya CB750 ina jambo jingine ambalo pikipiki za leo zimelibadilisha. Ina pistoni upande mmoja tu, na imefungwa kwenye mkono unaozunguka kwenye pini iliyo kwenye mguu wa shokapu. Pistoni inaposukuma padi yake, kalipa nzima hujivuta upande wa pili hadi padi ya pili nayo iguse. Pini hiyo ikikauka, padi moja hufanya kazi ya mbili, huisha upande mmoja kwa mshazari, na diski husukumwa kutoka kwenye mstari wake. Kwenye pikipiki ya Mombasa pini ilitoka kwa kupashwa moto na kugongwa kwa uvumilivu, ikasuguliwa, ikapakwa grisi ya kuhimili joto, na vizuizi vyake vya mpira vikabadilishwa. Mkono wa kalipa baada ya hapo ulicheza kwa kidole kimoja.

Masta silinda ilieleza historia ya pikipiki hii kuliko sehemu nyingine yoyote. Chini ya kikopo kulikuwa na tope la rangi ya kahawa, na raba ya pistoni ilikuwa laini, nene na kubwa kuliko tundu lake. Raba ya breki ikinyonya maji haiwi hivyo. Huvimba namna hiyo inapowekwa mafuta ya petroli: ya injini, ya haidroli ya kawaida, au hata mafuta ya taa yaliyotumiwa kusafishia. Mtu fulani, miaka ya mwisho ya pikipiki hiyo barabarani, aliona kikopo kimepungua akajaza alichokuwa nacho. Kiasi kidogo kinatosha. Raba zote za mfumo uliowekwa mafuta ya aina hiyo hubadilishwa, hata zile zinazoonekana nzuri, na mapaipu ya chuma huoshwa kwa spiriti na kukaushwa.

Tundu la masta silinda ni la alumini. Baada ya saklipu kuondolewa na pistoni kutoka, hufutwa na kukaguliwa kwa tochi. Michirizi midogo huondolewa kwa msasa laini sana uliolowa mafuta ya breki, kwa kuzungusha, kamwe si kwa kuvuta mbele na nyuma. Shimo linaloshika ukucha halisuguliwi. Hapo ama tundu hupanuliwa na kuvalishwa bomba jembamba la shaba au chuma kisichoshika kutu na fundi wa kukereza vyuma mwenye vipimo sahihi, ama masta silinda hununuliwa mpya. Kisha kuna vitundu viwili kati ya kikopo na silinda. Kikubwa hupitisha mafuta kwa urahisi, na kila mtu hukiona. Kidogo kiko mbele ya raba wakati leva imepumzika, na ni chembamba kuliko sindano ya kushonea. Kazi yake ni kuyaacha mafuta yanayopanuka kwa joto yarudi kwenye kikopo. Kikiziba, breki hufanya kazi vizuri kwa kilomita za mwanzo. Diski ikipata joto, mafuta hupanuka, hayana pa kwenda, padi hujibana zenyewe, joto huongezeka, na mwisho gurudumu hushika bila leva kuguswa. Waendeshaji wengi wamefungua kalipa mara kwa mara wakitafuta ugonjwa uliokuwa juu kwenye usukani. Uzi mmoja uliochomolewa kwenye waya wa breki ya baiskeli hufungua kitundu hicho vizuri. Ncha ya kuchimbia meno ni nene mno, na drili hairuhusiwi kabisa, maana kitundu kikipanuliwa hukata raba.

Kwa paipu za mpira hakuna mjadala mrefu. Paipu za umri huu hubadilishwa, hata zikiwa hazina ufa. Kuta zake za ndani huvimba na kufunga njia, nazo hufanya kazi kama vali: leva ikibanwa mafuta hupita, ikiachiwa hayarudi. CB750 ina paipu ya mpira kutoka masta silinda hadi kwenye kiungo cha njia tatu chini ya usukani, nyingine kutoka hapo kushuka kwenye shokapu, kisha paipu fupi ya chuma inayoingia kwenye kalipa. Kwenye kiungo hicho ndipo ilipofungwa swichi ya taa ya breki, inayowashwa na shinikizo la mafuta, na mara nyingi huvuja taratibu bila kuonekana. Paipu zilizofumwa kwa nyuzi za chuma juu ya tefloni hazivimbi na hudumu zaidi. Anayetaka sura ya kiwandani hununua za mpira mpya na kukubali kuzibadilisha tena baada ya miaka michache. Washa za shaba kwenye viungo ni za kutumika mara moja.

Diski ya CB750 ni ya chuma kisichoshika kutu, ikiwa na unene wa karibu milimita 7 ikiwa mpya, na haipaswi kutumika ikishuka chini ya milimita 5.5. Hupimwa kwa mikromita sehemu kadhaa, kwa sababu huisha bila usawa. Kuyumba kwake hupimwa ikiwa imefungwa kwenye gurudumu lenye beringi nzima. Zaidi ya milimita 0.3 ni kasoro inayohitaji kurekebishwa. Chuma hicho kilichaguliwa kwa kubaki kizuri, na kweli diski ya pikipiki iliyolala miaka Mombasa ilikuwa na madoa tu. Lakini kina udhaifu unaojulikana: kikiloa, breki huchelewa kushika mpaka padi zifute maji. Padi za kisasa zimepunguza tatizo hilo, hazijaliondoa. Anayeendesha pikipiki hii wakati wa mvua anapaswa kugusa leva kidogo mapema kabla hajaihitaji.

Kufunga upya hufanywa kwa mikono safi, na kila raba hupakwa mafuta mapya ya breki au grisi maalumu ya raba za breki. Chupa ya mafuta huwa mpya. Iliyofunguliwa mwaka jana ikarudishwa rafuni imekwisha kunywa unyevu wa mwaka mzima, na kwa bei yake ndogo hakuna haja ya kuihifadhi. DOT 3 ndiyo iliyokusudiwa kwa pikipiki hii. DOT 4 huchanganyika nayo na huhimili joto zaidi. Mafuta ya DOT 5, ambayo ni ya silikoni, hayanyonyi maji, na kwa hiyo maji yanayoingia hutuama chini kwenye kalipa, mahali penye joto na chuma. Hayachanganyiki na yale mengine, na kwenye pikipiki ya pwani hayana faida inayozidi hasara.

Kutoa upepo ndiko kunakowachosha wengi, kwa sababu mfumo uliofunguliwa wote umejaa hewa, na hewa hupenda kupanda wakati mafuta yanasukumwa kushuka. Njia nyepesi ni kujaza kutoka chini. Bomba la sindano kubwa lililounganishwa na nipo ya kalipa husukuma mafuta kwenda juu, na viputo hutangulia mpaka kwenye kikopo. Baada ya hapo ndipo njia ya kawaida hutumika: leva hubanwa, nipo hufunguliwa robo mzunguko, hufungwa, leva huachiwa. Hewa inayobaki hujificha kwenye bolti ya kiungo kilicho juu kabisa, pale paipu inapoingia kwenye masta silinda. Usukani hugeuzwa ili sehemu hiyo iwe chini ya kikopo, kisha leva hubanwa kidogo kidogo, mwendo wa milimita mbili tatu. Ukitazama ndani ya kikopo wakati huo utaona kijichemchemi chembamba kikiruka kutoka kwenye kitundu kidogo kila leva inapoanza kusogea. Hiyo ndiyo alama kuwa kitundu kiko wazi, na vijiputo vidogo hutokea hapo hapo. Mafundi wengi hufunga leva ikiwa imebanwa usiku kucha, na asubuhi huikuta ngumu zaidi kuliko walivyoiacha.

Mwisho wa kazi ya mbele ni kurekebisha nafasi ya padi iliyo kinyume na pistoni. Kuna skrubu yenye springi na nati kwenye mkono wa kalipa. Nati hulegezwa, skrubu huzungushwa mpaka padi iguse diski, kisha hurudishwa karibu nusu mzunguko, ili ibaki nafasi ya milimita 0.15 hivi, na nati hukazwa. Hatua hii husahaulika sana kwa kuwa pikipiki za leo hazina skrubu hiyo.

Breki ya nyuma ni rahisi kueleweka, na kwa hiyo hudharauliwa. Ndani ya ngoma yenye kipenyo cha milimita 180 kuna brekishuu mbili zinazotanuliwa na kamu. Ile ya mbele ya kamu, kwa jinsi ngoma inavyozunguka, huvutwa na ngoma yenyewe na kujibana zaidi. Ya pili husukumwa nyuma. Kamu ndiyo inayokufa kwanza kwenye pikipiki iliyolala, kwa sababu grisi yake hukauka na kuwa gundi. Hutolewa, hung'arishwa, ikapakwa grisi kidogo ya kuhimili joto. Kidogo hapa ni muhimu, maana ziada huyeyuka na kudondokea brekishuu. Brekishuu zilizolowa grisi au mafuta ya ekseli haziokolewi kwa petroli wala kwa moto, hubadilishwa. Ngoma iliyopanuka kufikia milimita 183 imekwisha, na ikiwa ya mviringo usio kamili, pedali hupiga mguu kila mzunguko. Hukerezwa ikiwa bado imefungwa kwenye gurudumu lenye spoki zilizokazwa, kwa sababu spoki huivuta.

Wakati wa kurudisha gurudumu, pedali hubanwa kwanza ndipo nati ya ekseli ikazwe, ili brekishuu zijipange katikati ya ngoma. Pembe kati ya fimbo na mkono wa kamu, breki ikiwa imeshika, inapaswa kukaribia nyuzi 90. Ikivuka hapo, nguvu ya mguu hupotea, na ni ishara kuwa bitana ya brekishuu imekwisha hata kama skrubu ya kurekebishia bado ina nafasi. Kisha kuna mkono wa chuma unaounganisha sahani inayobeba brekishuu na fremu, ukizuia sahani isizunguke na ngoma. Bolti yake ina kotapini. Ikiwa bolti hiyo itatoka pikipiki ikiwa mwendoni, sahani nzima huzunguka, fimbo hupindika na gurudumu hufunga. Kwenye pikipiki ya Mombasa mahali pa kotapini palikuwa pamefungwa waya wa kufungia nyaya za umeme. Kotapini mpya iligharimu kiasi kidogo kuliko kikombe cha chai, na hakuna sehemu nyingine katika kazi yote iliyobeba maisha ya mtu kwa bei ya chini namna hiyo.

Majaribio huanza pikipiki ikiwa imesimama. Leva hubanwa kwa nguvu na kushikiliwa dakika nzima. Ikizama polepole, raba ya masta silinda inapitisha. Viungo vyote hufutwa kwa karatasi nyeupe, ambayo huonyesha unyevu jicho lisiouona. Magurudumu huzungushwa kwa mkono, hubanwa, huachiwa, na lazima yazunguke huru tena. Mwendo wa kwanza hufanywa kwenye uwanja mpana, kwa kasi ya mtu anayekimbia. Baadaye, barabarani, padi mpya huzoeshwa kwa kupunguza mwendo taratibu kutoka kilomita 50 kwa saa, mara nyingi, kukiwa na nafasi ya kupoa katikati, bila kusimama kabisa diski ikiwa ya moto. Baada ya safari fupi bila kubana breki, diski inapaswa kuwa ya uvuguvugu. Ikichemsha tone la maji, kuna kitu hakijaachia, na ukaguzi hurudi kwenye kitundu kidogo, paipu, mfereji wa sili na pini, kwa mpangilio huo.

Kwa jumla mafuta ya breki ya pikipiki hushauriwa kubadilishwa kila baada ya miaka 2. Kwa pikipiki inayoishi pwani, na hasa inayotembea mara chache, kila mwaka ni busara zaidi, mara masika yanapokwisha. Gharama ni chupa moja na saa moja ya kazi. Katika zoezi hilo leva ya CB750 hubanwa mara kadhaa mafuta mapya yakipita, pini ya kalipa huguswa kuhakikisha inacheza, nafasi ya padi hupimwa upya kwa fila, na kotapini ya nyuma hutazamwa. Pikipiki isiyokusudiwa kutembea hata hivyo husukumwa ukumbini kila wiki chache na breki zake kubanwa na kuachiwa, ili pistoni na kamu zisilale mahali pamoja.